Sina Jini, Nina Ini

Kama umeamka leo ukajitazama kwenye kioo na weupe wa macho umegeuka manjano, kwanza kaa kitako. Usikimbilie kwa jirani kumuuliza una nini, maana jirani atakujibu. Mimi nilimuuliza wangu, akaniambia nimerogwa, na ilipofika magharibi mtaa wetu mzima pale Kikwajuni ulikuwa unajua kwamba mke wa Haji amerogwa, isipokuwa Haji mwenyewe, ambaye alikuwa bado yuko kazini bandarini. Nakuandikia haya kwa sababu nilipona. Nakuandikia pia kwa sababu ugonjwa wenyewe haukunitesa nusu ya nilivyoteswa na watu walionipenda.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na masika ndiyo kwanza yameanza. Nilikuwa na mtoto mmoja, Rukia, bado ananyonya, anatambaa na kushikilia miguu ya kitanda ajaribu kusimama. Siku chache kabla ya macho kugeuka nilikinai chakula. Akikaanga mtu samaki nyumba ya tatu, mimi nilikuwa uani natapika. Mavyaa wangu, Bi Mize, mama yake Haji, alikuwa amekuja kutoka Bwejuu kututazama, na kila aliponiona nimeinama alitabasamu peke yake, akijua mjukuu wa pili yuko njiani. Kisha mkojo wangu ukawa mweusi kama chai iliyolala birikani, na tabasamu likamtoka.

Shoga yangu mmoja alikuja kuniona. Alinishika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza nani kanisinga manjano na harusi yenyewe yeye hakualikwa. Nilicheka mpaka ubavu wa kulia ukauma. Kilikuwa kicheko changu cha mwisho kwa muda mrefu na sijakisahau.

Tukaenda hospitali, mimi, Bi Mize na mtoto. Wewe utakayekaa kwenye benchi lile, jua kwamba watu watakukimbia. Nilipokaa, waliokuwa kulia kwangu walisogea kulia na waliokuwa kushoto wakasogea kushoto, nikabaki na nafasi ya kulala ningetaka. Bibi mmoja wa Kizimkazi, mguu umemvimba kama mtungi, akajikokota akaja kukaa ubavuni mwangu. "Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Wewe una lako na mie nna langu." Alikuwa na kipepeo cha ukindu, na akanipepea mpaka nilipoitwa. Simjui jina lake. Ukipata mtu wa namna hiyo kwenye benchi, mshukuru, maana wao ndio nusu ya dawa.

Daktari alikuwa Mchina, mmoja wa wale waliokuja miaka ile, kijana mwenye mikono ya baridi. Maneno ya Kiswahili aliyokuwa nayo yalikuwa machache, na aliyatoa moja moja. Alinilaza, akanibonyeza chini ya mbavu za kulia, nikaruka. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zake zote. Akamgeukia Bi Mize, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na Rukia kiunoni, akasema, "Ini. Ini kubwa."

Mimi niliyelala chini ya mkono wake nilisikia ini. Bi Mize, kule mlangoni na mvua ile, alisikia jini.

Hakuna aliyejua wakati ule. Muuguzi alikuja kutupa masharti: nilale, nisile mafuta wala tui, kikombe changu na sahani yangu viwe mbali na vya watu, na mtoto nisimnyonyeshe wala nisimpakate mpaka macho yapoe. Bi Mize aliitikia kila sharti kwa kichwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa mwepesi hivyo. Masharti yale yale ndiyo anayopewa mtu mwenye jini: chombo chake peke yake, vyakula fulani mwiko, mtoto mchanga asimkaribie.

Jioni mama yangu mzazi, Bi Asha, alikuja na kanga iliyofungwa kitu ndani. Alipoifungua, chumba kizima kikanuka. Yalikuwa majani na maua ya manjano yamelowa mvua. Unayajua hata kama hujui jina lake. Huota yenyewe majaani, kando ya njia, na kwenye viwanja vya nyumba zilizobomoka, na masika yakishika hufunguka manjano matupu. Ukivunja jani lake linanuka uvundo. Watu wa shamba hukaanga mbegu zake wakazitwanga, wakanywa kama kahawa. Mama aliyachemsha majani kwa homa, kwa tumbo, na kwa mtu aliyegeuka rangi, kwa imani yake kwamba manjano huitoa manjano. Jina la mmea ni mwingajini, yaani mfukuza jini.

"Nini hicho, Bi Asha?" Bi Mize akauliza.

"Mwingajini."

Bi Mize akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Kumbe na nyinyi mnajua."

"Tunajua nini?"

"La jini. Daktari keshasema. Jini kubwa."

Mama akanitazama. Nikasema kutoka kitandani, "Ini, Bi Mize. Kasema ini. Hili hapa, la kulia."

Bi Mize akaja akaniwekea mkono kichwani, na nasema kweli, alikuwa na huruma. "Ndo yeye huyo, mwanangu," akaniambia. "Hataki kutajwa. Anakula herufi ya mwanzo."

Nataka uelewe hapo nilipofungiwa. Mtu akikwambia una jini, utakanusha kwa maneno gani? Nikisema sina, hiyo ni sauti ya jini. Nikinyamaza, jini kanuna. Nikikasirika, na mimi tangu kuzaliwa kwangu ni mtu wa hasira, walitazamana wakaambiana kwa macho kwamba jini kapanda kichwani. Usiku ule ule nilimtupia Haji kikombe kwa kuwa alinong'ona na mama yake mlangoni huku akidhani nimelala. Ningekuwa mzima angenitupia maneno na sisi tungegombana kama watu wazima. Sasa akaokota vipande kwa adabu, akasema, "Si wewe, Zuwena. Najua si wewe." Hilo liliniuma kuliko ubavu. Nilikuwa mimi. Kikombe kile nilikitupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nilikusudia kimpate.

"Sina jini," nikamwambia. "Nina ini."

"Haya," akasema Haji. "Haya, pumzika."

Kesho yake asubuhi Bi Mize alimchukua Rukia akaondoka naye kwenda Bwejuu. Niliridhia, na sitasema sikuridhia, kwa sababu muuguzi alisema nisimpakate mpaka macho yapoe, na katika chumba kimoja mtoto anayetambaa humzuii. Nikamwambia Bi Mize, "Mpaka macho yapoe." Akaitikia, "Mpaka upoe, inshallah." Nilidhani tumesema kitu kimoja.

Maziwa hayakujua kwamba mtoto kaondoka. Yalijaa mpaka kifua kikawa kigumu, na kila mtoto wa jirani alipolia nguo zangu zililowa. Niliyakamua kwenye bakuli, na mama akayamwaga shinani mwa mgomba bila kuniruhusu kuyatazama. Ikawa hivyo kwa siku nyingi, kisha yakakauka. Kama ulinyonyesha, sina la kukueleza.

Masika yalipita juu ya bati nikiwa nimelala. Kila Jumatatu nilikwenda kuchomwa sindano na kubonyezwa ubavu. Ngozi ilianza kuwasha, na kuwasha kwenyewe hakutulizwi kwa kujikuna, kunatoka ndani, nikajikuna mpaka damu. Nywele zilitoka na kitana. Miguu ikawa fimbo. Nilikula wali mkavu na maji ya miwa, na mchicha uliochemshwa kwa chumvi tu, na niliota tui. Usicheke. Ukikatazwa nazi Unguja umekatazwa chakula chote, maana hata mboga ya jana ina nazi.

Na kila asubuhi nilikunywa mwingajini. Nitasema wazi ili asije mtu kunilaumu: sijui kilichoniponya ni kipi. Inawezekana ni sindano, inawezekana ni kulala, inawezekana ni yale majani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mama mwenyewe alichemsha majani machache tu, na mbegu mbichi alikataza kabisa zisiguswe, akisema zina sumu. Mimi niliyanywa kwa sababu yalikuwa machungu. Nilikuwa na uchungu mwingi siku hizo, nikaona afadhali mmoja niuchague mwenyewe.

Kipupwe kilipoingia nikaanza kutoka na mama asubuhi, hatua chache na kukaa, kwenda kuyachuma. Alinionyesha manjano mengine yaliyotambaa chini, mbigili, ambayo mkimbiaji pekupeku huijua kwa miiba yake kabla hajaiona kwa maua. Hiyo aliwachemshia wenye shida ya mkojo. Akanionyesha mfagio, maua yake madogo ya rangi ya kiini cha yai, na majani yake yakipondwa huwekwa juu ya jipu. Nilikuwa nimepita kwenye viwanja vile maisha yangu yote nikiona magugu. "Kila kimoja kina kazi yake," mama akasema, "na jina lake. Ila wewe wamekupa jina lisilo lako." Akatema mate pembeni, naye si mtu wa kutema mate.

Mwisho wa kipupwe daktari alinivuta kope, akatazama jicho moja, akatazama la pili. "Nyeupe," akasema. "Nzuri. Nenda." Nilirudi nyumbani nikapita katikati ya Darajani na macho yangu meupe wazi, nikimtazama kila aliyenitazama.

Siku ile ile nikamwambia Haji atume ujumbe kwa mama yake: macho yamepoa, mleteni mtoto. Wiki ikapita. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa gari la shamba: Bi Mize anasalimu sana, mtoto hajambo, keshaanza kutembea. Manjano kutoka machoni si kupona, jini amejificha ndani baada ya kufukizwa na mwingajini. Lazima apandishwe kwenye kiti chake, ndiyo mimi, ajitaje jina, aseme anataka nini, apewe, aondoke. Kabla ya hapo mtoto haji.

Keshaanza kutembea. Nilisikia hilo tu. Hatua zake za kwanza zilikuwa kwenye uwanja wa watu wengine, na mikono iliyompokea haikuwa yangu.

"Twende basi ikaishe," Haji akasema. "Utafunikwa shuka, watapiga ngoma kidogo, utataja jina lolote. Mama ataridhika. Una hasara gani?"

"Nikitaja jina la jini nshakubali," nikamwambia. "Leo mtoto, kesho nikikataa kupika ni jini, keshokutwa nikidai haki yangu ni jini. Ntaishi na huyo jini wa mama yako mpaka nife. Siendi."

Siku kadhaa nilikaa na msimamo wangu, na mtoto akakaa Bwejuu. Vuli ikaanza kudondoka. Mama yangu ndiye aliyenitoa, na hakunibembeleza. "Wao watakuuliza wewe nani na wataka nini," akasema huku anaosha vyombo. "Tangu masika nani mwengine kakuuliza hayo? Nenda ukajibu."

Basi tukapanda gari la shamba, mimi na Haji. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshapita na njia nzima upande wa kusini ilikuwa manjano, mwingajini kila penye jaa na kila penye ukuta uliobomoka. Haji alinishika mkono kwenye mashimo. Sikuuondoa, lakini sikuushika wake.

Kwa Bi Mize, juu ya mlango, palikuwa pamening'inizwa shada la mwingajini, maua mapya, bado yana umande. Nilisimama nikaliangalia. Limewekwa nisipite. Mmea nilioumeza asubuhi zote zile ndio uliowekwa kumlinda mwanangu na mimi.

"Shikamoo, Bi Mize," nikasema kutoka nje.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Alikuwa amekonda. Hakuwa na raha yeye pia.

Nikachuma ua moja kwenye shada, nikalitia mdomoni, nikalitafuna mbele yake, nikapita mlangoni. "Haya, Bi Mize. Jini angepita hapa?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Jini mdogo asingepita," akasema.

Rukia alikuwa uani. Aliniona, akanitazama kama unavyomtazama muuza samaki, kisha akatembea, kwa miguu yake, akaenda kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Nilimwita jina. Akazika uso kwenye kanga ile. Nilijizuia kumkimbilia kwa sababu nilijua ningelia, na nikilia wangesema kapanda.

Walinikalisha mkekani baada ya adhuhuri. Sinia lilikuwa tayari, halua, mayai, marashi ya mawaridi. Fundi wa kupunga majini alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, mtu wa kazi yake. Wakanifunika shuka jeupe, chetezo kikaletwa chini yake, ubani ukanijaa kifua. Wanawake wakaimba, ngoma ikapigwa. Nilikaa wima. Wakaimba zaidi. Walingoja nitikisike, na mimi sikutikisika. Nilitoka jasho tu, na goti likafa ganzi. Mwishowe fundi akanyamazisha ngoma akauliza kama desturi inavyotaka.

"Wewe nani?"

"Zuwena binti Makame," nikasema. "Wa Kikwajuni. Mama yake Rukia."

Wakanong'ona. Mmoja akasema jini mjanja, kajificha kwenye jina la kiti chake. Fundi hakunong'ona. "Unataka nini?" akauliza.

"Namtaka mwanangu."

Nikasikia Bi Mize akisema harakaharaka kwamba si hivyo, aombe pete, aombe kilemba chekundu, aombe mbuzi, yote yako tayari. Nikasema kutoka chini ya shuka, na sikupandisha sauti. "Nyote mnaijua desturi. Jini akishasema anachotaka mbele ya watu, anapewa, akinyimwa anamuua kiti chake. Basi kama mimi jini, nshasema nnachotaka. Kama mimi Zuwena, mtoto wangu. Chagueni mnipe kwa lipi."

Fundi akanivua shuka, akanitazama macho yote mawili kwa muda, kama alivyonitazama daktari. "Kimeombwa," akasema. "Mleteni."

Bi Mize alimkumbatia mtoto kifuani. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama nje dirishani na wanaume wengine. Tangu masika Haji alikuwa akisema haya, haya, kwangu na kwa mama yake vilevile.

"Mpe, mama," akasema. "Huyo ni Zuwena. Hasira zake nazijua."

Bi Mize akaja. Alikuwa analia, machozi yanamshuka bila ya yeye kuyafuta, na nilimhurumia, ijapokuwa sikumwambia siku ile. Akamweka Rukia mapajani mwangu. Mtoto akajinyoosha kama kipande cha ubao, akapiga ukelele, akanyoosha mikono yote miwili kumtaka bibi yake. Nilimshika. Alinipiga kifuani pale pale alipokuwa akinyonya. Nilimshika, nikasimama naye, miguu yangu ile ya fimbo ikanibeba mpaka kwenye gari, Haji nyuma yangu.

Alilia kutoka Bwejuu mpaka Paje. Abiria wakanipa ushauri, mmoja akanipa ndizi, mmoja akaniuliza kama mtoto ni wangu. Nikamjibu ni wangu. Alilia mpaka tukaingia kwenye miti ya Jozani, anamwita bibi, anamwita bibi, na mimi sikumnyamazisha, kwa sababu alikuwa analilia mapajani mwangu.